Ngome na Nyumba za Kale za Visiwa vya Lamu

Mgeni afikaye mji wa Lamu wakati wa likizo, akisha kushuka chomboni na kupanda ngazi za gati, aghalabu hupelekwa kwanza kwenye ngome. Jambo hilo si la ajabu. Ngome ile ni miongoni mwa majengo makubwa kabisa mjini. Kuta zake ni nene na ndefu, tena mbele yake pana uwanja wa Mkunguni, mahali penye kivuli ambapo wazee hukaa kuzungumza. Mgeni huingia, hupanda juu ya ukuta, hutazama mapaa ya mji na bahari iliyo mbele, kisha hushuka na kwenda zake akiamini kuwa ameiona historia ya Lamu.

Kwa kweli ameona nusu tu. Nusu ya pili imo katika vichochoro, nyuma ya milango iliyofungwa, katika nyumba za mawe ambazo watu wamezaliwa, wameolewa na wamefia humo kwa muda wa miaka mia mbili na zaidi. Nusu hiyo haina bendera wala mlinzi, na kwa sababu hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi kutupotea. Katika insha hii nataka tuzizuru ngome na nyumba za visiwa hivi pamoja, tujifunze jinsi ya kuzisoma kama tusomavyo kitabu, na tuone kwa nini nyumba hustahili kutunzwa kama ngome.

Visiwa tunavyovizungumzia viko pwani ya kaskazini ya Kenya. Vikubwa vyake ni vitatu: Lamu yenyewe, ambayo wenyeji huiita Amu, Manda, ulipo uwanja wa ndege, na Pate, penye miji ya Pate, Siyu na Faza. Msafiri atokaye Mombasa kwa njia ya nchi kavu hupita Malindi, Garsen na Witu mpaka Mokowe, kisha huvuka kwa mashua. Mitaa ya mji wa kale wa Lamu ni myembamba mno hata gari haliwezi kupita, na mizigo huchukuliwa na punda. Mwaka 2001 mji huo uliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, nayo sababu kubwa ni kwamba watu wangali wakikaa katika nyumba zao za asili na kufuata maisha yao ya asili.

Tuanze na ngome, kama mgeni aanzavyo. Mwanzoni mwa karne ya 19 miji ya visiwa hivi ilikuwa ikigombea ukubwa. Pate ilikuwa na sauti juu ya majirani zake, na Lamu ilikuwa imekwisha kuchoka kuamriwa. Mnamo mwaka 1812 hivi majeshi ya Pate, yakisaidiwa na Wamazrui wa Mombasa, yalishuka pwani ya Shela ili kuitiisha Lamu. Watu wa Lamu wakatoka na kuwashinda. Katika masimulizi ya wenyeji, wavamizi walipokimbilia vyombo vyao walikuta maji yamekupwa na vyombo vimekaa mchangani, wasipate njia ya kuokoka. Mgeni anayetembea Shela leo kujistarehesha kwenye mchanga mweupe hukanyaga uwanja wa vita, ingawa wengi hawajui.

Ushindi ule uliwafurahisha watu wa Lamu, lakini pia uliwatia hofu, maana walijua ya kuwa mshindwa hulala akiwaza kisasi. Basi wakapeleka wajumbe kwa Seyyid Said, mtawala wa Oman, wakamwomba awalinde. Akakubali, akamweka liwali wake na askari. Masimulizi husema kwamba kazi ya kujenga ngome ilikuwa imekwisha kuanzwa kabla ya vita; sasa ikaendelezwa kwa msaada wa Seyyid Said, ikamalizika mnamo mwaka 1821 hivi. Wakati ule ngome ilisimama karibu kabisa na maji. Majengo tunayoyaona leo kati ya ngome na bahari yalijengwa baadaye, juu ya ardhi iliyojazwa katika karne hiyo hiyo. Mwanafunzi akiuliza kwa nini ngome ya kulinda bandari imekaa nyuma ya maduka, hilo ndilo jibu lake.

Yafaa tutafakari jambo hili. Lamu iliomba mlinzi, na mlinzi akawa bwana. Tangu siku zile mji haukujitawala tena kama zamani. Ulikuwa chini ya mamlaka ya Oman na Unguja, kisha tangu mwaka 1895 ukaingia katika himaya ya Waingereza. Ngome nayo ikabadilika pamoja na mabwana zake. Tangu mwaka 1910 mpaka mwaka 1984 ilikuwa gereza, la Serikali ya kikoloni kwanza na la Kenya huru baadaye. Kwa muda wa zaidi ya miaka sabini watu wa Lamu walipita chini ya kuta zile wakijua kuwa ndani yake mna wafungwa. Baadaye jengo lilikabidhiwa Makumbusho ya Taifa, na milango iliyokuwa ikifungwa kwa makomeo ikafunguliwa kwa wote, kwa maonyesho na mikutano ya watu wa mji.

Sasa tuvuke mpaka kisiwa cha Pate, twende Siyu. Huko pana ngome nyingine, nayo ina habari iliyo kinyume na ile ya kwanza. Imesimama kando ya mkono wa bahari uingiao katikati ya mikoko, na chombo huweza kuifikia maji yajaapo tu. Siyu ulikuwa mji wa mafundi na wanavyuoni. Watu wake walisifika kwa kazi ya ngozi, kwa kuchonga mbao, na kwa kunakili misahafu kwa hati nzuri. Mji huo, ingawa haukuwa mkubwa, ulikataa kuinamia Unguja. Katika miaka ya 1840 majeshi ya Seyyid Said yalikwenda kuutiisha, yakarudi yameshindwa. Jina linalotajwa katika vita hivyo ni la Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, na wenyeji huitaja ngome yao pamoja na jina lake. Haikuwa mpaka mwaka 1863, katika enzi ya Seyyid Majid bin Said, ndipo Siyu iliposhikwa. Kwa hiyo watu wa visiwa hivi hawakufanana wote mbele ya mkuu wa Unguja. Lamu ilimwalika, Siyu ilimkataa, na kila mji umetuachia ngome ya kushuhudia uamuzi wake.

Hizo ndizo habari ambazo ngome zaweza kutupa. Hutueleza nani alimwogopa nani, nani alishinda na nani alitawala. Ni habari za lazima, lakini hazitoshi. Ngome haiwezi kutuambia watu walipikaje, walimpokeaje mgeni, binti alipewa nini siku ya harusi, maiti alioshwa wapi, na nani alichota maji. Kwa maswali hayo hatuna budi kutoka ngomeni na kuingia vichochoroni.

Nyumba ya kale ya Lamu imejengwa kwa vitu vilivyopatikana papo hapo. Mawe yake ni ya matumbawe. Chokaa yake ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo juu ya tanuri la kuni. Dari yake imebebwa na boriti za mikoko, na juu ya boriti yamepangwa mawe na kumwagwa chokaa nzito. Hapa pana jambo la kupendeza kwa mwanafunzi apendaye hesabu. Boriti ya mkoko, ikiwa nene ya kutosha kubeba dari ya mawe, haivuki nafasi kubwa. Kwa hiyo vyumba vya nyumba hizi vina upana wa mita mbili na nusu mpaka tatu hivi, ingawa urefu wake waweza kuwa mara tatu ya hapo. Tajiri alikuwa na uwezo wa kuongeza vyumba, kuongeza ghorofa na kuongeza nakshi, lakini hakuwa na uwezo wa kukipanua chumba. Mti wa pwani ndio uliopima nyumba ya tajiri na ya jirani yake kwa kipimo kimoja.

Tupige hodi, tuingie. Mbele ya mlango pana daka, yaani kijukwaa chenye baraza za mawe kushoto na kulia. Mgeni asiye wa ndani alizungumza na mwenye nyumba hapo, asiingie zaidi. Mlango ni wa mbao nzito, una mbao mbili na mfaa katikati, na aghalabu umechongwa. Ukisha kuuvuka hukuti chumba bali tekani, ukumbi mdogo ulio na kona, uliowekwa makusudi ili mpita njia asiweze kuona ndani hata mlango ukiwa wazi. Baada ya tekani kuna kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, ambao huiletea nyumba mwanga na hewa. Kutoka hapo vyumba hufuatana kimoja nyuma ya kingine: msana wa tini, kisha msana wa juu, kisha ndani. Kila uingiapo, sakafu huinuka kidogo, mwanga hupungua, na faragha huzidi. Mtu wa nje aliishia mbele, jamaa walifika katikati, na wenye nyumba peke yao ndio waliofika mwisho.

Huko mwisho, katika ukuta wa ndani, mna zidaka, safu juu ya safu za vishubaka vilivyofinyangwa kwa chokaa na kutiwa nakshi. Humo viliwekwa sahani na mabakuli ya kaure kutoka China, vitabu, na vitu vya thamani. Vyombo hivyo ni ushahidi kwamba mji huu mdogo ulikuwa ukifanya biashara na nchi za mbali zilizo ng'ambo ya bahari. Nyuma yake kulikuwa na chumba kiitwacho nyumba kati, ambamo maiti alitayarishwa kabla ya maziko. Katika choo kulikuwa na birika la maji, na ndani ya birika watu waliweka samaki wadogo ili wale vibuu vya mbu. Naomba msomaji asilipite jambo hili kwa haraka. Watu wale hawakuwa na mifereji wala dawa ya kunyunyiza, lakini walikuwa na akili ya kutazama na kufikiri.

Tena mahali pengine utaona nyumba mbili zimeunganishwa kwa chumba kilichojengwa juu ya njia, watu wapite chini yake. Hicho huitwa wikio. Ilikuwa desturi ya wenye uwezo kumpa binti nyumba aolewapo, na baba aliyependa kukaa karibu na mwanawe aliweza kumjengea nyumba ng'ambo ya kichochoro na kuiunganisha na yake. Wanawake wa nyumba hizo walikwenda na kurudi kwa jamaa zao pasipo kushuka njiani. Hapana ngome iwezayo kutuambia hayo.

Lakini lazima tuseme kweli yote, maana historia isemayo uzuri tu ni nusu ya uwongo. Kuta hizi nzuri zilisimama juu ya mabega ya watu. Nyumba nyingi zilikuwa na ghorofa, na ghorofa ya chini ilikuwa ya ghala na ya watumwa. Waliochota maji, waliopika na waliolima mashamba ya bara yaliyowalisha wenye nyumba hawakuwa huru. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku mwaka 1873, na utumwa wenyewe ulikomeshwa kisheria katika pwani yetu mwaka 1907. Baada ya hapo mashamba mengi yalikosa wa kuyalima, na utajiri uliojenga nyumba kubwa ukapungua. Kwa hiyo, mwanafunzi akisimama mbele ya zidaka na kustaajabia nakshi, aulize pia ni nani aliyezichukua juu ya kichwa chake ndoo za chokaa. Majina ya watu hao hayakuchongwa mlangoni. Kazi yao tunaiona, na ni haki tuikumbuke.

Wahenga wa visiwa hivi walijua kuwa nyumba, hata iwe ya fahari namna gani, yaweza kuanguka. Katika mji wa Pate kuta nyingi za majumba ya kale zimekuwa magofu, na kati yake watu hulima. Ni magofu hayo yaliyomfanya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mwanzoni mwa karne ya 19, atunge Al-Inkishafi, utenzi ambao wanafunzi wengi huufahamu. Yeye aliyatazama magofu ili kuionya nafsi yake isidanganyike na dunia. Sisi nasi twaweza kuyatazama kwa jicho la pili, tukiuliza yaliangukaje na kama yaliyobaki yaweza kuokolewa.

Nyumba ya matumbawe haifi kwa siku moja. Kwanza chokaa ya juu ya dari hupasuka kidogo, upana wa unywele. Mvua ya masika huingia katika ufa huo na kufika penye ncha za boriti zilizozikwa ukutani, mahali pasipoonekana. Ncha huoza. Baada ya miaka kadhaa boriti moja hukatika, zilizo jirani huelemewa, na dari huporomoka. Ukuta usio na dari hunyeshewa kichwani, chokaa iliyoshika mawe hulegea, mbegu ya mti huota ndani ya nyufa, na mizizi humaliza kazi. Hapa methali yetu isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta si mfano tena. Ni maelezo ya fundi. Ufa wa kwanza ungeliweza kuzibwa kwa ndoo moja ya chokaa na kazi ya asubuhi moja.

Wengine huziba kwa saruji, wakidhani kuwa kilicho kigumu ndicho kilicho bora. Chokaa hupumua, unyevu uingiao ukutani hupata njia ya kutoka. Saruji huufungia unyevu ndani, na ukuta huoza taratibu nyuma ya sura nzuri. Ndiyo sababu mafundi wanaojua kuchoma na kupiga chokaa ni hazina kama kuta zenyewe, na ufundi wao ukifa hakuna fedha itakayoweza kuzitengeneza nyumba hizi kama zilivyokuwa.

Pana hatari nyingine isiyotokana na mvua. Jamaa wakirithi nyumba moja watu wengi, wengine wakiwa Mombasa na wengine ng'ambo, hakuna mmoja aonaye kuwa ni wajibu wake kuitengeneza. Mlango wa nakshi huuzwa, au nyumba nzima huuzwa. Katika Lamu na Shela wageni kutoka nchi za nje wamenunua nyumba nyingi za kale. Tusiwalaumu bila ya kupima, kwa maana baadhi yao wametengeneza kwa uangalifu kuta zilizokuwa karibu kuanguka, na mafundi wamepata kazi. Lakini nyumba ifunguliwayo miezi miwili kwa mwaka, isiyo na bibi anayesimulia wala mtoto anayechungulia wikioni, imebaki na mawe yake na kupoteza masimulizi yake. Swali la nani atakaa katika nyumba hizi ni zito kuliko swali la nani atazipaka chokaa. Serikali yaweza kuilinda ngome, kwa sababu ngome ni mali ya umma. Nyumba hulindwa kwanza na watu wanaoipenda na wanaoweza kumudu kuishi humo.

Ewe mwanafunzi, siku utakapopata nafasi ya kwenda visiwani, nakupa mashauri machache. Izuru ngome ya Lamu, na ukiweza uizuru na ya Siyu, kisha uzilinganishe. Nenda katika nyumba ya Waswahili iliyotengenezwa na Makumbusho, ambayo ni ya karne ya 18, ukajionee daka, misana na zidaka. Nenda pia katika Makumbusho yaliyo mbele ya bahari, ukaione siwa ya pembe ya ndovu iliyotoka Pate. Chukua kamba na daftari. Pima upana wa chumba na uhesabu boriti. Katika vichochoro kumbuka kwamba unapita mbele ya maskani ya watu, basi usichungulie madirishani wala usipige picha ya mtu pasipo ruhusa. Ukimkuta mzee barazani, mwamkie kwa heshima, keti akikukaribisha, umwulize nyumba ilijengwa na nani, ikarithiwa na nani, na ni nani aliyekaa ghorofa ya chini. Andika majibu yake siku ile ile, pamoja na jina lake akikuruhusu, na tarehe.

Na kama makwenu ni bara, mbali na bahari, usione kuwa habari hizi hazikuhusu. Katika kijiji chenu mna nyumba iliyo kongwe kuliko zote, iwe ya udongo, ya mawe au ya mabati, na yupo mtu ajuaye ilivyojengwa. Anza kwa hiyo. Ipime, ichore, uliza habari zake, na ukiona ufa, mwambie mwenyewe kabla ya masika.